Takwimu za afya: vijana wa Kongo wanahitaji karakana, si neno la siri peke yake

Kila mwezi, katika zoni za afya 519 za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kazi ni ileile. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya hujaza karatasi ndefu ya ripoti, ile ambayo wauguzi wote huiita kanevasi: wagonjwa wangapi wa malaria, watoto wangapi wamechanjwa surua, akina mama wangapi wamejifungulia kituoni, watu wangapi wamefariki. Karatasi hiyo hupanda pikipiki au mtumbwi, au hubebwa kwa miguu, hadi ofisi kuu ya zoni. Huko mtu mmoja huketi mbele ya kompyuta na kuingiza namba hizo, moja baada ya nyingine, ndani ya programu inayoitwa DHIS2.

Namba hizo ndizo zinazosema dawa zipelekwe wapi, chanjo ngapi ziagizwe, kipindupindu kimeanza kupanda katika zoni gani. Zikichelewa au zikiwa na makosa, anayelipa si kompyuta. Ni mtoto wa Minova, wa Kalemie au wa Manono ambaye chanjo yake haifiki kwa sababu kwenye jedwali hakuhesabiwa.

Programu hiyo si mali ya kampuni fulani. DHIS2 ni programu huria. Msimbo wake wote uko wazi kwenye intaneti, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuuchukua, kuusoma, kuubadilisha na kuutumia bila kulipa hata faranga moja. Kwa maandishi, mwanafunzi wa Kisangani ana haki sawa na mhandisi wa Oslo. Kwa vitendo, sivyo. Kongo imefundisha watu wengi kuingiza namba ndani ya DHIS2. Imefundisha wachache mno kuifungua, kuiendesha kwenye mashine yao wenyewe na kuitengeneza. Hapo ndipo tatizo lilipo, na hapo ndipo dawa yake ilipo.

Karakana ni nini?

Fundi wa pikipiki hajifunzi kazi kwenye pikipiki ya mteja ikiwa barabarani na abiria mgongoni. Anajifunza kwenye karakana, juu ya injini ya zamani ambayo anaweza kuifungua, kuiharibu na kuirudisha mara ishirini. Kwa fundi wa programu, karakana hiyo ina jina refu: mazingira ya ndani ya uendelezaji. Maana yake ni nyepesi. Ni nakala kamili ya mfumo ndani ya kompyuta ya mtu mwenyewe: programu, hifadhidata yake, na vyombo vya kusoma na kubadilisha msimbo. Ukikosea, umeharibu nakala yako tu. Unafuta, unaanza upya, na hakuna zoni ya afya iliyopoteza ripoti yake.

Pasipo karakana, mambo mawili hutokea. La kwanza, mtu anajifunzia kwenye seva yenyewe ya kazi. Anabonyeza hapa, anabadilisha pale, na kosa lake linaingia moja kwa moja kwenye takwimu za nchi. La pili, na ndilo la kawaida zaidi, ni woga. Hakuna anayethubutu kugusa kitu. Ripoti ikihitaji safu mpya, jedwali likitoa jumla isiyoeleweka, ukurasa ukifunguka polepole mno katika ofisi ya zoni yenye mtandao hafifu, jibu linakuwa lile lile: mtaalamu atakuja. Mtaalamu anatoka mbali, analipwa kwa dola za mfadhili, anakaa wiki mbili, anaondoka na ujuzi wake. Mwaka unaofuata anaitwa tena.

Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Msemo huo unafaa kwa shamba na kwa mifugo. Unafaa pia kwa programu ambayo afya ya mamilioni ya watu inaitegemea.

Njia yenyewe na mashimo yake

Kuweka karakana ya DHIS2 si uchawi, wala si kazi ya wenye digrii tano. Ila ni njia yenye mashimo, na ni vizuri mashimo hayo yatajwe kwa majina, kwa sababu ndiyo yanayowarudisha vijana nyuma siku ya kwanza.

Kwanza ni mashine. DHIS2 imeandikwa kwa lugha ya Java, na Java hula kumbukumbu. Kompyuta yenye GB 4 za kumbukumbu itahema. Yenye GB 8 itafanya kazi kwa nafuu. Linux, kwa mfano Ubuntu, ndiyo nyumba yake ya kawaida. Mwenye Windows hana haja ya kuifuta, kwa kuwa Windows za siku hizi zinaweza kubeba Linux ndani yake.

Pili ni hifadhidata. DHIS2 inataka PostgreSQL, pamoja na kiongezo cha PostGIS kinachoiwezesha kuelewa ramani. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Wanaweka PostgreSQL, wanafurahi, wanawasha DHIS2, na inagoma kwa sababu PostGIS haikuwashwa ndani ya hifadhidata ile. Ujumbe wa kosa ni mrefu, kwa Kiingereza, na sentensi yenye maana imejificha katikati ya mistari mia. Anayejua kuisoma hutatua kwa dakika mbili. Asiyejua hufunga mashine na kusema kazi hii ni ya wazungu.

Tatu ni faili dogo linaloitwa dhis.conf. Lina mistari michache tu: hifadhidata iko wapi, jina la mtumiaji, neno lake la siri. Herufi moja ikipotea, mlango haufunguki. Faili hilo ni lazima likae kwenye folda ambayo programu imeambiwa ilitafute. Likiwekwa pembeni, ni kama halipo.

Nne ni matoleo. Toleo jipya la DHIS2 linataka Java 17. Matoleo ya zamani yalifanya kazi na Java 8 au 11. Kijana anayefuata maelezo ya mwaka mmoja huku amepakua programu ya mwaka mwingine atapoteza siku nzima bila kujua kwa nini. Kanuni ni moja: soma kwanza toleo, ndipo upakue. Na kwa anayetaka kuisaidia nchi yake, toleo la kuanza nalo ni lile linalotumiwa na wizara, si lile jipya kuliko yote.

Mambo haya yote yana njia ya mkato. Programu ya Docker inafunga kila kitu ndani ya makontena: hifadhidata ikiwa na PostGIS yake tayari, na DHIS2 ikiwa na Java inayoifaa. Amri moja inayawasha yote kwa pamoja. Baada ya muda, mtu anafungua kivinjari, anaandika anwani ya mashine yake mwenyewe kwenye mlango wa 8080, na ukurasa wa kuingilia unatokea, ule ule unaoonekana katika ofisi za zoni. Anaingia kwa jina la admin na neno la siri la mwanzo ambalo kila fundi wa DHIS2 duniani analijua: district. Tangu dakika hiyo ana mfumo wake. Anaweza kuunda jimbo ambalo halipo, kufuta wilaya nzima, kuongeza ugonjwa wa kubuni, kutazama ndani kinachotokea.

Tena hakuna ulazima wa kuanza na Java. Sehemu kubwa ya kile mtumiaji anachokiona ndani ya DHIS2 ni programu ndogo ndogo zilizoandikwa kwa JavaScript, zinazozungumza na mfumo mkubwa kupitia mlango ulio wazi. Kijana anayejua kutengeneza ukurasa wa intaneti anaweza kuandika programu ndogo ya aina hiyo, kuifunga kama faili la zip na kuiingiza katika nakala yake ndani ya alasiri moja. Chati inayofaa zoni ya Uvira, orodha ya vituo ambavyo havijatuma ripoti mwezi huu, ukurasa mwepesi kwa mtandao hafifu: hizo ni kazi ambazo hazihitaji mtu kutoka ng'ambo.

Mega, umeme na flashi

Lakini njia ya mkato imechorwa na watu ambao kwao intaneti ni kama hewa. Makontena ya Docker yana uzito wa mamia ya mega, na yote kwa pamoja yanaweza kupita giga moja. Anayetaka kujenga DHIS2 kutoka kwenye msimbo wake atapakua mamia mengine ya vipande ambavyo Java inavihitaji. Kwa mwanafunzi wa Bukavu au Bunia anayenunua mega kwa siku, hilo si jambo la kubofya na kwenda kunywa chai. Ni nauli ya juma zima. Upakuaji ukikatika kwenye asilimia 80 kwa sababu umeme umeondoka, mega zimekwenda na kazi haipo.

Watu wakifika hapo hukata tamaa na kusema teknolojia hii haikuandikwa kwa ajili ya Kongo. Si kweli. Vyombo vyenyewe vina njia ya kufanya kazi bila intaneti, ila njia hiyo haifundishwi. Docker ina amri ya kuhifadhi kontena kama faili la kawaida, na amri nyingine ya kulipakia kwenye mashine ya pili. Vipande vya Java vilivyopakuliwa mara moja hukaa kwenye folda moja. Folda hiyo ikinakiliwa, mashine ya pili inajenga programu bila kugusa mtandao. Msimbo wa GitHub nao unaweza kuchukuliwa kwa picha yake ya leo tu, bila historia yake yote ya miaka, na uzito wake ukapungua sana.

Kwa maneno mengine, chuo kikuu kikipakua mara moja, usiku ambapo mtandao ni mwepesi, promosheni nzima inaweza kunakili kwa flashi. Flashi moja ya GB 32 inabeba karakana nzima na nafasi inabaki. Vijana wa Kongo wanajua tayari kupitishiana filamu na muziki kwa njia hiyo. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuandaa flashi ya kwanza na karatasi mbili za maelezo, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, zinazosema hatua ya kwanza ni ipi na kosa la kawaida ni lipi.

Kuna sababu nyingine ya kutaka karakana iliyo ndani ya mashine na si kwenye seva ya mbali. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu wiki tatu. Wakati huo huo Ebola ilikuwa ikiua watu Beni na Butembo, katika janga lililotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ambalo, hadi lilipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, lilikuwa limegusa watu 3,470 na kuua 2,287 kati yao. Nchi ambayo mtandao wake unaweza kuzimwa kwa amri moja, na ambayo vita vimefunga barabara zake nyingi za mashariki, haiwezi kujenga ujuzi wake wote juu ya anwani iliyo ng'ambo. Mwenye karakana ndani ya mashine anaendelea kufanya kazi. Asiyekuwa nayo anasubiri.

Takwimu za wagonjwa zisitoke

Hapa lazima jambo moja lisemwe bila kuzunguka, kwa sababu shauku ya vijana inaweza kuleta madhara. Karakana si mahali pa kupeleka takwimu za kweli. Kunakili hifadhidata ya wizara na kuiweka kwenye kompyuta ya mtu binafsi, eti ili ajifunze vizuri, ni kosa kubwa. Kanevasi ya mwezi ina jumla tu, lakini DHIS2 inaweza pia kufuatilia mgonjwa mmoja mmoja: jina, umri, kijiji, ugonjwa. Mashine inaibwa kwenye basi, flashi inasahauliwa kwenye siber, na habari za mtu mwenye virusi vya Ukimwi au za mwanamke aliyebakwa zinakuwa sokoni. Katika majimbo ambako watu wenye silaha wanatafuta watu kwa majina, orodha kama hiyo inaweza kuua. Sheria ya dijitali ya Kongo, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi, na mwanafunzi ni lazima alijue hilo kabla ya kujua amri ya kwanza ya Docker.

Kwa bahati nzuri, takwimu za kweli hazihitajiki. Watengenezaji wa DHIS2 hutoa hifadhidata ya mazoezi yenye sura ya Sierra Leone, na namba zilizomo ni za kubuni. Kila fundi wa mfumo huu, awe India au Norway, amewahi kufungua kituo cha Ngelehun katika wilaya ya Bo na kuingiza wagonjwa ambao hawakuwahi kuzaliwa. Ni uwanja mzuri wa kuanzia.

Ila Sierra Leone si Kongo. Mfumo wake wa utawala si ule wa majimbo 26, zoni za afya na maeneo ya afya. Fomu zake si kanevasi. Kijana wa Lubumbashi anayejifunzia hapo anajifunza mfumo lakini hajifunzi matatizo ya nyumbani: majina ya vituo yanayofanana katika zoni mbili, kituo kilichohama pamoja na wakimbizi, zoni kubwa yenye vituo ambavyo ripoti zake hufika baada ya wiki kadhaa. Kongo inahitaji hifadhidata yake ya mazoezi, yenye majimbo na zoni za kweli lakini namba za uongo, iliyo wazi kwa kila chuo. Kuitengeneza ni kazi ya miezi michache kwa kikundi kidogo. Faida yake ingebaki kwa miaka.

Wengine wamepita njia hii

Wanaodhani kwamba programu kubwa hutengenezwa na nchi kubwa peke yake wangetazama historia ya DHIS2 yenyewe. Mizizi yake haiko Ulaya tu. Mradi ulioizaa ulianza Afrika Kusini mwaka 1994, nchi ilipotoka kwenye ubaguzi wa rangi na kutaka takwimu za afya zinazomhesabu kila mtu, mweusi na mweupe. Chuo Kikuu cha Oslo kiliushika mradi pamoja nao. Toleo la pili, lile la intaneti, lilianza kutumika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006. Kenya iliuweka mfumo huo kwa nchi nzima mwaka 2011. Leo nchi zaidi ya 70 zinautumia.

Mwezi Januari 2020, dunia ilipoanza kusikia habari za virusi vipya vya Wuhan, wataalamu wa Sri Lanka hawakungoja mtu. Walikuwa na DHIS2 yao, walikuwa na watu waliozoea kuifungua, na ndani ya siku chache walitengeneza njia ya kufuatilia wasafiri na wagonjwa wa Covid-19. Kazi yao ikafungwa kama kifurushi na kutolewa bure. Nchi nyingi zikaichukua. Miongoni mwa waliojifunza kutoka kwao ni miji ya Norway, nchi ya wenye chuo cha Oslo. Safari hii mwalimu alikuwa Sri Lanka.

Jirani zaidi, kikundi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikiandika kwa miaka programu ndogo zinazokaa juu ya DHIS2, na vijana wake wanaitwa kufanya kazi katika nchi nyingine. Hawakuanza na akili zaidi ya vijana wa Goma. Walianza na chumba, mashine kadhaa, mwalimu anayejua, na ruhusa ya kuharibu nakala na kuirudisha.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema: hospitali hazina glavu, wauguzi hawajalipwa, na hapa kuna anayezungumzia kompyuta za wanafunzi. Hoja hiyo ni nzito na haifai kubezwa. Lakini glavu zinaagizwa kwa hesabu, na hesabu inatoka kwenye mfumo huu. Wizara isiyojua ni zoni gani imeishiwa itapeleka glavu pale ambapo mkubwa amepiga simu. Tena gharama inayotajwa hapa ni ndogo: flashi, karatasi, chumba chenye umeme wa jua, muda wa walimu. Fedha zinazokwenda kwa wataalamu wa wiki mbili mbili tayari zipo. Swali ni kama sehemu yake ndogo inaweza kubaki nchini.

Wengine watasema kuna tovuti ya majaribio ya DHIS2 kwenye intaneti, kila mtu anaweza kuingia bure, karakana ya nini tena? Tovuti hiyo inafaa kwa kuonja. Haifai kwa kujifunza ufundi. Inataka mtandao kila dakika, inasafishwa kila mara na kazi ya mtu inapotea, na muhimu zaidi, hairuhusu kufungua boneti. Mtu anaweza kuendesha gari hilo uwanjani. Hawezi kuona injini.

Wapo pia watakaoogopa: kila kijana akijua mfumo kwa ndani, je, hataweza kuuvunja? Woga huo umegeuzwa juu chini. Msimbo uko wazi tayari, na mwenye nia mbaya yuko popote duniani na mashine yake nzuri. Anayekosekana ni mlinzi wa nyumbani anayejua dirisha gani halifungi. Mfumo unaojulikana na wageni peke yao haulindwi na siri. Umeachwa bila mlinzi.

Kifanyike nini

Mambo manne yanawezekana bila kungoja sheria mpya wala mkutano wa wafadhili.

La kwanza, vyuo vikuu vyenye mafunzo ya informatiki, kutoka UNILU ya Lubumbashi hadi vyuo rasmi vya Goma, Bukavu na Kisangani, viweke karakana ya DHIS2 katika mafunzo ya mwaka wa pili au wa tatu. Si somo la kuandika daftarini kuhusu historia ya kompyuta. Mwanafunzi apate alama akiwa ameuwasha mfumo kwenye mashine, ameuvunja na ameurudisha. Shule za ufundi wa afya, zile za ISTM, zikae darasa moja na hao wa informatiki, kwa sababu muuguzi anajua maana ya namba na mwenzake anajua njia inayopita.

La pili, kila chuo kiwe na ghala la vifurushi: kompyuta moja inayohifadhi makontena, msimbo na vipande vyote vinavyohitajika, ili wanafunzi wanakili ndani ya jengo bila kununua mega. Mashine ya zamani yenye diski kubwa inatosha. Ghala hilo litumike pia kwa miradi mingine huria, kama ile ya ramani za OpenStreetMap ambayo vijana wa Kongo wanachangia tayari.

La tatu, wizara ya afya, pamoja na wakala wake wa informatiki ya afya, ANICiiS, itoe hadharani hifadhidata ya mazoezi ya Kongo yenye namba za kubuni, na itangaze toleo la DHIS2 inalotumia ili mafunzo yafuate toleo hilo. Hilo halifichui siri ya mtu yeyote. Linawaambia vijana kwamba kazi yao inangojewa.

La nne, kila mkataba wa mtaalamu kutoka nje uwe na sharti moja: asiondoke kabla vijana wawili wa Kongo hawajarudia kazi yake, tangu mwanzo hadi mwisho, kwenye mashine zao wenyewe. Maelezo ya kazi yaachwe kwa maandishi. Kama hayawezi kurudiwa na mwingine, kazi haijakamilika na malipo ya mwisho yangoje.

Kwa vijana wenyewe, hakuna sababu ya kusubiri hayo yote. Wanne wenye mashine moja nzuri wanaweza kuanza Jumamosi. Wagawane gharama ya mega, wapakue usiku, waandike kwenye daftari kila kosa walilokutana nalo na jinsi walivyolitatua, na daftari hilo wawape watakaofuata. Miradi huria inakua kwa namna hiyo: mtu anakwama, anatafuta, anapata, anaandika ili wa nyuma yake asikwame pale pale. Marekebisho ya sentensi moja kwenye maelezo, yakitumwa na kukubaliwa, ni mchango wa kweli, na jina la aliyeutoa linabaki kwenye historia ya mradi mbele ya waajiri wa dunia nzima.

Kongo imezoea kuambiwa ni tajiri: koboti, shaba, koltani, maji ya Inga. Imezoea pia kuona utajiri huo ukitoka ghafi na kurudi ukiwa bidhaa ya bei ghali. Takwimu zake zisifuate njia ya madini. Zinakusanywa kwa jasho la wauguzi wa vijijini, mara nyingi bila malipo ya kutosha, na zina haki ya kuchambuliwa, kulindwa na kutumiwa na watu wanaojua kanevasi ilipita mto gani kabla ya kufika ofisini. Msimbo uko wazi. Kinachobaki ni kuwapa vijana chumba, umeme, flashi na ruhusa ya kukosea kwenye nakala yao wenyewe.